Sherehe ya Durga Mjini Kolkata: Ni ya Watu Wote?

Kila mwaka, baina ya Septemba na Oktoba, jiji la Kolkata, mashariki ya India, hubadilika sura. Kwa siku kadhaa watu kwa mamilioni hutembea usiku kucha, banda hadi banda, kuitazama sanamu ya Durga, mungu wa kike mwenye mikono kumi, aliyepanda simba na kumchoma mkuki jitu Mahishasura mwenye asili ya nyati. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Sifa hiyo ni halali. Lakini kamati za mitaa hujiita “sarbojanin”, yaani ya watu wote, na mhakiki hana budi kulipima neno hilo.

Asili yake haikuwa hivyo. Baada ya vita vya Plassey vya mwaka 1757, vilivyoipa kampuni ya Waingereza nguvu juu ya Bengal, matajiri walioneemeka kwa utawala huo, kama Nabakrishna Deb wa Sovabazar, waliifanya ibada hii ndani ya majumba yao, wakiwaalika wakubwa wa kizungu kula na kutazama ngoma. Inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1790 marafiki kumi na wawili wa Guptipara, walipozuiwa kushiriki katika nyumba ya tajiri, walichangisha fedha wakafanya sherehe yao. Mchango ule ndio mama wa kamati za leo, na kwa maoni yangu una uzito kuliko fahari yote ya Sovabazar.

Sanamu nyingi hutoka Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi kaskazini ya jiji. Fundi hufunga kiunzi cha mianzi na mabua ya mpunga, hukikandika udongo wa mto Hugli, huuacha ukauke, kisha hupaka rangi. Macho huchorwa mwisho. Kwa upande wa fani sina la kukosoa. Uso ule mpana, wenye macho marefu, umekaa baina ya ghadhabu na huruma, na haujulikani uegemee wapi. Lakini mila yataka udongo huo uchanganywe na kiasi kidogo kilichoombwa mlangoni mwa makahaba. Wanawake wa Sonagachi, wenye milango hiyo, walinyimwa ruhusa ya kufanya sherehe yao wenyewe hadi mahakama kuu ya jiji ilipowakubalia mwaka 2013. Udongo wao ulitakiwa, wao hawakutakiwa. Hapa maudhui yanaisuta fani.

Tangu mwaka 1985, kampuni moja ya rangi ilipoanza kuyatuza mabanda bora, mashindano yamepamba moto. Kamati huajiri wasanii wa kujenga banda zima juu ya wazo moja, na matangazo ya biashara hujaa barabarani. Mwaka 2018 serikali ya jimbo nayo ilianza kuzipa kamati ruzuku. Na aliyewahi kukaa ofisini anajua kwamba mkono utoao hauchelewi kuonekana pichani. Kazi nyingi za namna hii ni hodari kwa mikono na hafifu kwa fikra: mtazamaji hustaajabu, hupiga picha, akapita. Wazo limebandikwa juu ya mungu kama karatasi ukutani.

Ipo kazi iliyovuka kasoro hiyo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, vibarua wengi wa India waliokosa kazi mijini walirudi makwao kwa miguu. Klabu ya Barisha, kusini ya jiji, ikamwonyesha Durga kuwa mama mhamaji aliyempakata mtoto. Wengine waliona kwamba hiyo ni siasa imeingia hekaluni. Sikubaliani nao. Wabengali husimulia kwamba Durga ni binti aliyeolewa mbali, anayerejea kwa wazazi wake mara moja kwa mwaka pamoja na watoto wake. Safari ya kurudi nyumbani imo katika kisa chenyewe. Msanii aliichimbua tu.

Tena umma wa Kolkata si mtazamaji bubu. Tangu miaka ya 1930, alfajiri ya Mahalaya, siku chache kabla ya sherehe, redio hutangaza masimulizi ya Durga, na sauti iliyozoeleka ni ya Birendra Krishna Bhadra. Mwaka 1976 wakubwa wa redio walimweka mahali pake mcheza sinema mashuhuri, Uttam Kumar. Wasikilizaji walighadhibika, na sauti ya zamani ikarudishwa. Masimulizi ya ibada hutaka pumzi na unyenyekevu wa msomaji, wala hayasaidiwi na umaarufu wake. Watu wa mitaani walilijua hilo kabla ya wakuu wa studio.

Siku ya mwisho wanawake walioolewa hupakana unga mwekundu usoni, wakimuaga mgeni wao. Wajane, kwa desturi, hawakuwa na nafasi katika mchezo huo. Ni katika miaka ya karibuni tu baadhi ya watu wameanza kuwaita. Kisha sanamu hutoswa mtoni. Udongo huyeyuka majini, viunzi huopolewa, na vingine hurudishwa Kumartuli kungojea udongo wa mwaka mwingine.