Kura Tatu: Hesabu ya Uchaguzi wa 1958 Katika Jimbo la Tanga

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa hotuba na mikutano ya hadhara, ilhali sehemu kubwa ya matokeo yake ilitokana na kanuni ya upigaji kura yenyewe. Handeni na Korogwe zilikuwa wilaya za Jimbo la Tanga, moja ya majimbo yaliyopiga kura katika awamu ya kwanza, na ni mahali pazuri pa kuitazamia kanuni hiyo.

Kabla ya kufika kwenye sanduku la kura palikuwa na chujio. Mpiga kura alipaswa kuwa ametimiza miaka 21, na pia awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au awe na wadhifa uliotambuliwa na serikali. Kwa masharti hayo, mkata mkonge wa Korogwe aliyeizalisha mali ya jimbo alibaki nje ya daftari, huku meneja wa shamba, mwenye duka wa Kiasia, karani na mwalimu wakiandikishwa. Na mkulima wa mahindi wa Handeni, ambaye chakula chake kilitoka shambani na si dukani, hakuwa na hati ya mshahara ya kuonyesha. Katika nchi ambayo sensa ya 1957 iliikuta na Waafrika zaidi ya milioni 8, walioandikishwa kwa awamu ya kwanza walikuwa takriban 28,500 tu.

Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kumchagua mgombea mmoja wa kila kundi. Aliyeacha hata kundi moja, karatasi yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Hiyo ndiyo iliyoitwa kura tatu, na shabaha yake ilikuwa kuwalinda walio wachache. Wengi ndani ya TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, waliiona kuwa ni tusi, wakataka kususa, hadi mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipoamua kushiriki, na Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake cha African National Congress.

Walioitunga kanuni hawakuifuata hesabu yake hadi mwisho. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba katika wapiga kura 100 Waafrika ni 55, Waasia 30 na Wazungu 15, na kwamba wale 55 wanafuata orodha moja, basi orodha hiyo inatwaa viti vyote vitatu hata kama Waasia wote 30 wanamtaka Mwasia mwingine, kwa kuwa sheria imewalazimisha Waafrika kuamua pia nani awe mbunge wa Kiasia na wa Kizungu. Kwa hiyo TANU, ambayo wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, iliwaunga mkono wagombea wa Kiasia na wa Kizungu waliokubaliana nayo, na chama pinzani cha UTP, kilichopewa moyo na Gavana Edward Twining, kikabaki bila nguvu ya kura. Majimbo ya Marekani ya karne ya 19 yalikuwa yameijua hesabu hii mapema: raia alitumbukiza karatasi iliyochapishwa na chama ikiwa na majina ya wajumbe wote wa kumchagua rais, hivyo wingi mdogo wa kura uliweza kulibeba jimbo zima.

Kura tatu iliondolewa kabla ya uchaguzi wa Agosti 1960, ambamo TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, Julius Nyerere wa TANU alipata kura 1,127,978, na Mtemvu 21,276.