Barafu Inayopasha Bwawa Joto

Chuo Kikuu cha Colorado, katika mji wa Boulder, kiko chini ya milima ya Rocky, kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2011 wanafunzi walipiga kura kukubali kulipia upanuzi wa kituo chao cha michezo, kilichofunguliwa mwaka 1973. Kazi ilikamilika mwaka 2014 na kugharimu zaidi ya dola milioni 60. Bwawa la nje lenye umbo la nyati wa Marekani, nembo ya chuo hicho, ndilo lililojulikana zaidi. Mimi ninavutiwa na mabomba yanayounganisha uwanja wa barafu wa kituo hicho na mabwawa, kwa sababu humo ndimo ilimofanyika kazi ya maana.

Mtambo wa kupozea hauumbi baridi, unahamisha joto. Gusa nyuma ya friji ya nyumbani: joto lililotoka kwenye nyama na maji limetupwa jikoni, pamoja na joto la umeme ulioendesha kompresa. Uwanja wa kuteleza kwenye barafu ni friji hiyohiyo iliyolazwa chini. Chini ya barafu kuna zege, na ndani ya zege kuna mabomba yenye kimiminika kilicho baridi kuliko nyuzi sifuri. Kimiminika hicho hufyonza joto la taa, la dari, la wachezaji, na la maji ya moto yanayomwagwa kulainisha barafu. Mtambo ukiondoa kilowati 100 za joto kwa kutumia kilowati 33 za umeme, utatoa kilowati 133 upande wa pili. Kwenye viwanja vingi joto hilo hupandishwa juu ya paa na kupulizwa angani, huku boila ya jengo hilohilo ikichoma gesi ili kupasha maji. Boulder waliunganisha pande hizo mbili: joto linalotoka kwenye mtambo wa barafu hupelekwa kwenye mabwawa ya kuogelea.

Bwawa lina kiu ya joto kuliko watu wanavyodhani, na mwizi mkuu wa joto hilo ni mvuke. Kila lita ya maji inayopaa hewani huondoka na karibu uniti (kilowati-saa) 0.7 za nishati, lile joto fiche tulilofundishwa sekondari. Boulder ina hewa kavu na upepo mkali unaoshuka kutoka milimani, na vyote viwili huharakisha mvuke kwenye bwawa la nje. Ndiyo maana bwawa hilo la nyati, kwa uzuri wake wote, ndilo sehemu ya mradi iliyo ngumu kuitetea kwa hesabu.

Linganisha mradi huu na wazo lililopendwa sana vyuoni Marekani miaka hiyo. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon kilifunga mashine 22 za mazoezi zinazozalisha umeme kwa nguvu za miguu. Mtu wa kawaida anaweza kutoa kama wati 100 mfululizo. Mashine zote 22 zikikanyagwa saa nzima bila kupumzika, zitaleta uniti 2.2. Hilo ni joto linaloondoka na lita tatu hivi za mvuke wa bwawa. Mashine hizo zinamfundisha mwanafunzi jinsi uniti moja ilivyo ghali kwa jasho, na somo hilo nalithamini. Lakini turubai la kufunika bwawa usiku huokoa nishati nyingi zaidi, na lilistahili bajeti kwanza.

Bwawa linafaa kupokea joto la barafu kwa sababu linaridhika na joto dogo. Maji ya kuogelea kwa mazoezi huwekwa kwenye nyuzi 27 hivi. Gesi ya mtambo ikigeuka kimiminika kwenye nyuzi 35, joto lake litaingia kwenye maji hayo lenyewe. Ukitaka joto hilohilo likupe maji ya kuoga ya nyuzi 55, itabidi gesi ibanwe zaidi, kompresa ile umeme mwingi, na faida ipungue. Tena bwawa ni ghala: mita za ujazo 1,000 za maji zikipanda nyuzi moja tu huhifadhi karibu uniti 1,160, kwa hiyo barafu na waogeleaji si lazima vipatane saa.

Ugumu uko kwenye mpaka wa vimiminika. Amonia, inayotumika kwenye mitambo mingi ya barafu, ni sumu, na klorini ya bwawa hula chuma. Mafundi wa kazi hii huweka katikati mzunguko wa tatu, wa maji yenye glaikoli, na upande wa bwawa hutumia sahani za titani zisizoliwa na klorini. Kila mpaka unaoongezwa hupunguza nyuzi kadhaa. Ni hasara ya lazima.

Kituo cha Boulder kilipata cheti cha LEED, cha majengo yanayotunza mazingira, cha daraja la Platinamu, la juu kabisa. Nakiheshimu cheti hicho, lakini alama zake hujumlisha mambo mengi, hata maegesho ya baiskeli, na zile za nishati hutegemea sana makadirio ya kompyuta. Valvu moja ikifungwa wakati wa matengenezo na kusahauliwa, boila itachukua kazi yote na hakuna mwogeleaji atakayejua. Mita ya joto kwenye bomba la bwawa, inayosomwa kila wiki, ningeidai kabla ya cheti chochote.

Pwani yetu mabwawa hayahitaji kupashwa, ila vituo vya kupozea maziwa vina hali ileile ya Boulder. Maziwa hushushwa mpaka nyuzi 4, na papo hapo matangi yanahitaji maji ya moto ya kuoshea, ambayo pengine huchemshwa kwa kuni. Lita 1,000 zikishushwa kutoka nyuzi 35 huachia karibu uniti 34 za joto, mbali na lile la kompresa, na feni hulipuliza nje. Tangi la maji likifungwa kwenye bomba la gesi ya moto inayotoka kwenye kompresa, maji ya kuoshea yanaweza kufika nyuzi 50 kabla ya kuni kuwashwa.