Long Way Up: umeme wa nani?

Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walipita Tanzania kwa pikipiki za petroli, wakitokea Scotland kwenda Cape Town. Kwenye Long Way Up, mfululizo wa 2020, wamehamia Harley-Davidson za umeme: Ushuaia, Argentina, mpaka Los Angeles.

Vipande bora ni vya mwanzo. Patagonia kuna baridi, chaji inaisha mapema, na jamaa inabidi waombe mahali pa kuchomeka. Hapo safari inanoga, maana msafiri anamhitaji mwenyeji. Tatizo ni kwamba kamera inaitazama betri kuliko inavyomtazama huyo mwenyeji. Mtu wa Mbagala au Tegeta angeuliza kwanza nani analipa. Huku uniti za LUKU zinanunuliwa ndipo taa iwake. Ukichomeka pikipiki yako kwangu, unaondoka na uniti za friji yangu.

Mwaka 2024 pikipiki ya umeme ya Roam, kampuni ya Nairobi, ilikwenda mpaka Stellenbosch, Afrika Kusini, kama kilomita 6,000, ikichajiwa kwa jua. Ilipita kwetu. Habari nilizosoma zilihesabu kilomita na siku, basi.

Bado namsubiri atakayeandika kuanzia kijiwe cha bodaboda Tandika, ambako dereva anaunganisha tripu fupi fupi mpaka jioni huku hesabu ya bosi ikimsubiri. Akiacha petroli akashika umeme, mfukoni kinabaki shilingi ngapi? Mwandishi akianzia hapo, mimi nitasoma mpaka mwisho.