Virusi Vinavyomchagua Kiwavijeshi

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo la mkulima wa Kitui na Makueni, na ndizo zinazomletea viwavijeshi. Nondo hubebwa na upepo, dhoruba huwakusanya mahali pamoja, hutaga, na baada ya siku chache mtama, mahindi na nyasi za malisho huwa zimejaa viwavi. Kaunti hizi mbili ni miongoni mwa maeneo ya mashariki mwa Kenya ambako milipuko ya mwanzo wa msimu huzuka.

Ugonjwa wa kumuua mdudu huyu upo tangu zamani. Katikati ya miaka ya 1960, watafiti Brown na Swaine walieleza virusi vinavyomshambulia kiwavijeshi huyu, Spodoptera exempta. Leo huitwa SpexNPV. Taabu yake ni kuchelewa: ugonjwa wa asili hushika kasi msimu ukielekea mwisho, mazao yakiwa yameshaliwa. Wilfred Mushobozi, David Grzywacz na wenzao walijaribu nchini Tanzania kuuwahisha. Walinyunyizia virusi kwenye malisho yaliyovamiwa, wakasubiri viwavi waugue na kufa, wakakusanya mizoga na kutoa humo virusi vya kunyunyizia kwingine. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba janga lenyewe ndilo linalozalisha dawa. Kipimo kilikuwa chembe trilioni 1 kwa hekta, viwavi wakiwa bado wachanga.

Kila chembe ni fuwele ya protini iliyofungia virusi ndani. Kiwavi huila pamoja na jani. Utumbo wake una alkali kali, fuwele huyeyuka, virusi huachiliwa na kuingia kwenye seli za utumbo, kisha mwili mzima. Lakini viwavi wengi wana utumbo wa namna hiyo, kwa hiyo alkali peke yake haielezi jinsi virusi vinavyomchagua kiwavijeshi. Mchujo wa kweli uko kwenye seli: virusi lazima viweze kuingia, kisha vizaliane humo. Katika mwili wa binadamu, mifugo au nyuki haviwezi kuzaliana.

Kwa kulinganisha, virusi vya mwani wa kijani wa maji baridi huchuja mapema zaidi. Kimoja, PBCV-1, kilichochunguzwa na James Van Etten na wenzake huko Nebraska, hujishika kwenye ukuta wa nje wa mwani fulani wa Chlorella, hutoboa tundu na kuingiza DNA yake, ganda likibaki nje. Chlorella nyingine inayofanana nayo kabisa kwa macho haiguswi.

Hata ndani ya spishi moja kuna tofauti. Viwavijeshi waliosongamana, wale weusi, huhimili virusi kuliko wale wa kijani wanaokua wametawanyika. Kwa hiyo anayesubiri mpaka shamba liwe jeusi amechelewa mara mbili: viwavi wameshakua, na kinga yao imeimarika. Jua nalo huharibu virusi upesi; afadhali kunyunyizia jioni.

Tangu 2017 Kenya ina pia kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Mkague kichwani: ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangika mraba. Kipimo cha exempta hakinakiliwi kwake. Ana virusi vyake vinavyojulikana tangu kwao Amerika, na hujificha ndani ya moyo wa mhindi, kwa hiyo dawa lazima imiminwe humo humo.