Nyumba Huanzia Kichuguuni

Mtu akisema anajenga Lubumbashi, wenzake humuuliza mambo mawili: parseli iko upande gani, na mfuko wa simenti umefika bei gani. Hakuna anayemuuliza matofali yake yametoka kwenye kichuguu kipi. Natamani swali hilo lianze kuulizwa. Nimetazama nyumba nyingi za pembezoni, upande wa Ruashi na Annexe, zikilika miguuni baada ya misimu michache ya mvua, na mara nyingi kosa halikuwa la mwashi. Lilikuwa limekwisha kufanyika kabla mwashi hajaitwa.

Vichuguu vya huku si vya kimo cha goti. Mchwa aina ya Macrotermes falciger hujenga vilima vinavyoweza kufika mita 8 kwenda juu na mita 15 kwa upana, na katika miombo ya kwetu huwa vitatu hadi vitano katika hekta moja. Watafiti, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiwamo, walipima umri wa baadhi yake, wakakuta kimoja kilichokwisha kuhamwa kina zaidi ya miaka 2,000. Muda wote huo mchwa walikuwa wakipandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, chembe kwa chembe, na kuziacha changarawe huko huko. Mfyatua matofali anapofika na jembe lake, kazi ya kuchekecha imekwisha kufanywa na viumbe ambao hawakuwa na haraka. Tangu mji uzaliwe mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, vilima hivi vimekuwa vikibomolewa na kusimamishwa upya, safari hii vikiwa kuta.

Yuko papa mmoja, yaani mzee, mfyatuaji, ambaye huwa naenda kumtazama kiangazi kikiingia. Ufundi wake unaanza kabla hajachimba. Huzunguka kilima, hutoboa pembeni, kisha juu, kisha karibu na kitako, na kila mahali huchukua udongo kidogo, akaumwagia maji na kuuviringisha kiganjani uwe kama mkia mwembamba. Halafu anaupinda. Ukikatika mapema, mchanga umezidi, na tofali litamomonyoka. Ukipinda vizuri mno na kunata vidoleni, mfinyanzi umezidi, na tofali litapasuka likiwa bado linakauka. Hapo atauchanganya na udongo mwepesi wa juu mpaka mkia umridhishe. Hana kipimo kingine, na sijaona akihitaji kingine.

Kuna jambo moja zaidi analolitafuta, na wanunuzi wengi hawalijui. Ndani ya vichuguu vya eneo hili hukaa vijiwe vyeupe vya chokaa. Vikiingia katika tofali, moto huvigeuza chokaa hai, na tofali hutoka tanurini likiwa zuri machoni. Likija kunyonya unyevu, chokaa ile huvimba na kurusha kipande cha uso wa tofali, ikaacha shimo lenye doa jeupe katikati. Mwenye nyumba hulaumu plasta, hupiga nyingine, nayo hutoboka. Papa huviokota vijiwe hivyo kwa mkono wakati vijana wake wanakanyaga tope, na mguu wa kijana ukihisi kigumu, kazi husimama mpaka kitolewe. Humlipi kwa saa hiyo. Imo ndani ya bei ya tofali, na ndiyo maana matofali yake ni ghali kidogo kuliko ya jirani yake.

Tope lililolala na maji usiku kucha hufyatuliwa asubuhi. Kalibu ya mbao huloweshwa, hupakwa mchanga, kisha bonge hurushwa ndani kwa mkupuo mmoja. Mkupuo mmoja, kwa sababu anayejaza kalibu vipande vipande huacha mikunjo ndani, na tofali litavunjikia pale pale kwenye mkunjo. Bonge likiwa la kiasi sawasawa linajaza pembe zote nne na kubaki ziada ndogo ya kukwangua. Kumwona mtu akichota kiasi hicho kwa mikono mitupu, mara mia na mara elfu, bila kupima, kunanifurahisha kuliko majengo mengi yaliyokamilika. Kisha matofali hufunikwa nyasi, maana jua kali la Septemba hukausha ngozi kabla ya tumbo, na tofali hujipasua lenyewe. Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, yanakauka taratibu, na hapo ndipo huwa bora.

Tanuru hupangwa kando ya kilima chenyewe, ili matofali mabichi yasibebwe mbali. Chini huachwa mahandaki ya kuni; juu yake safu hupanda, tofali na tofali likiachiana upenyo wa kidole ili moto upite; nje yote hukandikwa tope. Siku ya kwanza moto huwa mdogo, na huu ndio wakati wafyatuaji wenye njaa ya pesa huharibu. Maji yaliyobaki ndani ya tofali lazima yatoke kwanza, taratibu. Mvuke mweupe ukiwa bado unapanda juu ya tanuru, papa haongezi kuni hata mteja akimsimamia kichwani. Mvuke ukikoma, ndipo anasukuma. Usiku hukaa macho akichungulia nyufa, akisoma rangi: wekundu wa giza bado, wekundu unaoelekea rangi ya machungwa ndio. Baadaye midomo huzibwa na tanuru huachwa lipoe lenyewe. Anayelifungua likiwa moto, kwa sababu lori limekwisha kuja, hununua nyufa.

Katika tanuru moja hutoka matofali ya namna tatu, na hapa ndipo mjenzi anapodhulumiwa, au anapojidhulumu. Yaliyokuwa karibu na moto huwa meusi, yenye kung'aa, mara nyingine yamepinda: hayapendezi, lakini kwa msingi na shimo la choo hakuna bora zaidi. Ya katikati ndiyo ya ukuta. Ya pembeni huwa ya rangi hafifu. Hayo yarudishwe katika tanuru lijalo. Ukinunua tanuru zima kwa bei moja, utapewa na hayo hafifu, na mwashi atayaweka popote mkono wake utakapoyakuta, hata chini, ambako mvua ya Januari hurukia. Basi nenda mwenyewe, pamoja na mwashi wako. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kama kengele, bichi hutoa sauti ya kizibo. Loweka moja usiku kucha. Likiacha tope ndooni, shukuru uondoke. Na lori likifika, uhesabu tena yaliyo mazima.

Inaniuma kuona fedha zinakokwenda. Parseli humaliza akiba ya mtu, na bado hana uhakika, kwa kuwa sheria ya ardhi ya 1973 imeifanya ardhi yote kuwa ya Dola, na haki yake haikamiliki mpaka apate cheti cha uandikishaji. Karatasi ya muuzaji haitoshi. Kisha simenti, ikiwamo ile inayotoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, hupanda bei mpaka unapoikuta. Akifika kwenye tofali, mtu huyo amechoka, na hapo ndipo anapobana senti. Hata mwashi aliye hodari humbania: hataki kulowesha matofali kabla ya kuyapanga, ingawa tofali kavu hunyonya maji ya chokaa na simenti kabla hazijashikana. Pipa la maji kando ya ukuta ni gharama ndogo. Lidai siku ya kwanza, kabla ya timazi kuning'inizwa.

Wapo wanaosema bloki za simenti zitamaliza biashara hii, na wana sababu nzito: miti. Tanuru hula kuni nyingi, na miombo ya kuzunguka mji inaliwa pia na makaa ya kupikia. Vichuguu vya ndani ya mji vinazidi kuisha, kwa hiyo matofali yanatoka mbali na usafiri unapanda. Lakini kuni zinapotea zaidi katika tanuru lililopangwa vibaya, lenye nyufa na mkandiko mwembamba, kuliko katika la mtu anayejua kazi. Papa yule hukandika mara mbili, na nusu ya matofali hafifu ya mwaka huu huyatumia kuzungushia tanuru la mwaka ujao. Anapokea oda tangu Mei. Kufikia Septemba huwa amekwisha kuuza yote, na anayekuja Oktoba, mawingu yakianza kujikusanya, huelekezwa kwa jirani.