Sifa za Mchonga Kalibu

Kutoka Bugomora, wilayani Kyerwa nchini Tanzania, Uganda na Rwanda ni jirani, na hija nazo ni jirani: Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda kila tarehe 3 Juni, na Kibeho anakoheshimiwa Mama wa Neno. Waumini hurudi na rozari na medali iliyobarikiwa. Medali hiyo ndogo ina ukoo mrefu.

Hujaji wa Ulaya aliyetoka Canterbury, alikouawa Askofu Mkuu Thomas Becket mwaka 1170, alirudi na beji ya risasi na bati kwenye kofia. Wa Santiago alivaa gamba la kombe. Wa Roma alivaa Petro na Paulo, na mwaka 1199 Papa Inosenti III aliwakabidhi makanoni wa Basilika la Mtakatifu Petro haki ya kuzitengeneza beji hizo.

Ninayemstahi zaidi ya wote ni mchonga kalibu ya beji hizo. Alichonga jiwe kinyumenyume: kulia pakawa kushoto, shimo likawa mwinuko, herufi zikaanzia mwisho. Alikata mfereji wa kumiminia na vijia vya kutolea hewa, akakumbuka vitundu vya kushonea. Kosa moja la patasi lingejirudia katika kila beji. Risasi na bati huyeyuka kwa moto mdogo, kwa hiyo bei ilikuwa nafuu, na mjane asiye na kitu akaweza kumvaa mtakatifu kifuani sawa na bwana mkubwa. Hiyo kwangu ni kazi tukufu, na walioifanya, wengi wao hatuwajui hata kwa majina.

Na nafasi kwenye beji ilivyokuwa finyu! Ufunguo ukionekana, huyo ni Petro. Upanga ni Paulo. Karagwe pia walijua kwamba alama moja hutosha. Katika hazina ya mfalme wao, Omukama Rumanyika, walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma, na pembe zao ndefu zilitosha kusema kila kitu. Simulizi humtaja baba yake, Ndagara, kuwa bingwa wa uhunzi.

Basi, mafundi wa Karagwe na Kyerwa, chongeni kalibu zenu. Mchongeni shahidi Karoli Lwanga katika moto wa Namugongo wa Juni 1886, awe na sura ya kijana wa huku. Na parokia zinunue kwenu kwanza kabla ya kuagiza mbali.