Saa Arobaini na Nane

Ukitoka Karavia kwenda katikati ya mji wetu wa Lubumbashi utalikuta Jengo la 30 Juni, ambalo msanifu majengo Claude Strebelle alilisanifu katika miaka ya 1950 liwe ukumbi wa michezo ya kuigiza. Leo ni makao ya Bunge la Jimbo la Haut-Katanga. Wabunge wake ndio wanaomchagua gavana, na wanaweza pia kumwondoa. Kongo haiitwi jamhuri ya kibunge, lakini serikali ya jimbo letu inaishi kwa imani ya bunge, na utaratibu wa kuiondolea imani hiyo umeandikwa kwa ufundi ninaoupenda sana.

Utaratibu huo umo katika kifungu cha 146 cha Katiba ya 2006, nacho kifungu cha 198 kinaufikisha majimboni. Anayetaka kuiangusha serikali nzima akusanye kwanza saini za robo ya wabunge. Kwa waziri mmoja, sehemu moja ya kumi inatosha. Hoja ikishawasilishwa, hakuna mjadala wala kura mpaka saa 48 zipite. Waliotia saini kwa hasira hulala mara mbili, na serikali hupata nafasi ya kujitetea na kutafuta watu wake. Halafu ndipo inapokuja kura, na hapa mkono wa fundi unaonekana wazi: inahitajika zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Asiyefika siku hiyo ameisaidia serikali, hata kama hakukusudia. Hoja ikishindwa, walioisaini hawaruhusiwi kuleta nyingine katika kikao kilekile.

Uangalifu huu tuliufikia kwa gharama kubwa. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, iliyopitishwa na Bunge la Ubelgiji, ilitupa jamhuri ya kibunge kwelikweli. Kifungu chake cha 22 kilisema kwa maneno machache kwamba mkuu wa nchi humteua Waziri Mkuu na kumfuta. Huko Ubelgiji maneno kama hayo yanalindwa na mazoea ya miaka mingi: mfalme hatendi peke yake. Kwetu yalifika maneno, mazoea yakabaki kwao. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu akatangaza redioni kwamba amemfuta Waziri Mkuu Lumumba, naye Lumumba akatangaza kuwa amemfuta Kasa-Vubu. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi likabatilisha yote mawili kwa kura 60 dhidi ya 19, na bado halikusikilizwa. Januari 1961 Lumumba aliletwa hapa Katanga na kuuawa.

Sasa soma kifungu cha 78 cha leo. Rais humteua Waziri Mkuu kutoka kwa wabunge walio wengi, na humwachisha kazi pale tu Waziri Mkuu mwenyewe anapowasilisha kujiuzulu kwa serikali. Ule mlango wa 1960 umefungwa kwa sentensi moja. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2021, Rais Tshisekedi alipotaka kuachana na Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, ilimbidi apite bungeni. Yaliyosemwa kuhusu namna wabunge walivyohama upande siyasifu. Lakini tarehe 27 Januari kura za kuiondolea serikali imani zilihesabiwa: 367, katika bunge la viti 500. Ilunkamba alipinga uhalali wa kikao kile, kisha akajiuzulu tarehe 29.

Naona fundi alisahau kiungo kimoja. Ujerumani huwezi kumwangusha Kansela bila kumchagua mrithi wake katika kura hiyohiyo. Hivyo ndivyo Kohl alivyochukua nafasi ya Schmidt tarehe 1 Oktoba 1982. Huko nako zipo saa 48. Sisi tulimpata mrithi wa Ilunkamba, Sama Lukonde, aliyekuwa akiongoza kampuni ya madini ya Gécamines hapa Lubumbashi, katikati ya Februari, na serikali yake haikuidhinishwa na bunge mpaka mwishoni mwa Aprili. Miezi mitatu ni mingi kwa nchi kukaa na mawaziri waliokwisha kuondolewa. Mstari mmoja ukiongezwa kwenye kifungu cha 146 ungetosha.